Macho Yana Pazia

Ajali ikitokea, kabla damu haijafukiwa kwa mchanga, hukumu imeshatolewa. Anaitoa muuza karanga, anaitoa trafiki, anaitoa abiria aliyekuwa amelala fofofo tangu Gairo: "Huyu dereva alikuwa anaangalia wapi?" Anayeuliza hasubiri jibu, maana swali lenyewe ndiyo hukumu. Jioni litapewa jina lake la redioni, uzembe, na Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika litarudi kwenye hotuba na kwenye fulana.

Mimi nataka kulijibu. Alikuwa anaangalia wapi kweli? Na nani aliyeyapeleka macho yake huko?

Chini ya neno uzembe kuna imani ya zamani ambayo tumeitia hata kwenye methali: macho hayana pazia. Jicho likiwa wazi, tunaamini, kilicho mbele yake kimeonekana, na asiyekiona ana lake jambo. Kwa mambo ya aibu na tamaa methali hiyo sina ugomvi nayo. Mpita njia hazuiliki kutupia jicho uani kwa jirani. Lakini tukiihamishia barabarani inaua. Hata lugha yetu imetuponza kidogo hapo. Tuna kuona, kutazama, kukodoa, kutupia jicho, kila kimoja na mahali pake, halafu tunapiga kelele "Angalia!" tukimaanisha tazama na jihadhari kwa pamoja, kana kwamba la kwanza likifanyika la pili limejifanya lenyewe.

Anayebisha namwalika Kolo. Ushike barabara ya Arusha kutoka Dodoma mjini, uipite Kondoa, uendelee mpaka kijiji chenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nilipanda kule mara ya kwanza nikiwa na miwani mipya na majivuno ya msomi. Nilisimama mbele ya mwamba nikakodoa. Niliona mwamba. Niliona michirizi ya maji, madoa yenye rangi ya kutu, na mikojo ya pimbi iliyokauka ikawa myeupe. Dakika tatu, nne, hakuna mchoro. Kijana aliyekuwa akituongoza akaniacha nihangaike, kisha akasema, "Mzee, usitafute mnyama. Tafuta shingo." Akainua ncha ya fimbo yake, shubiri moja kutoka kwenye jiwe bila kuligusa. Pale pale madoa ya kutu yakawa twiga, na nyuma ya twiga watu wembamba warefu, na toka siku hiyo kila nikirudi siwezi kutowaona.

Mwanga ulikuwa uleule, jicho lilelile, miwani ileile. Nilichoongezewa ni mahali. Kabla ya fimbo ile nisingeweza kushtakiwa kwa uzembe. Nilikuwa nimekaza macho kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Wanasayansi wamelijua jambo hili kwa muda mrefu, kwa njia ya kuchosha zaidi kuliko ya yule kijana. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz alijifungia mbele ya sanduku la giza lenye herufi ndani, akakaza macho kwenye nukta moja ya mwanga, akawasha cheche ya umeme iliyomulika herufi kwa kitambo kisichotosha jicho kusogea. Aligundua kwamba akiamua kabla ya cheche kuipeleka akili yake upande fulani, herufi za upande huo alizisoma, na za kwingine zikampita. Jicho halikuhama. Kilichohama ni kitu kingine ndani yake, nacho ndicho tunachokiita umakini.

Mwaka 1980 Mmarekani Michael Posner alichapisha majaribio yaliyolipima jambo hilo kwa saa. Mtu anakaza macho katikati ya skrini. Muda wowote alama itatokea kulia au kushoto, naye akiiona abonyeze kitufe. Kabla yake anapewa mshale unaomwambia upande wa kutarajia, na mshale husema kweli mara nane katika kumi. Ukisema kweli, kidole kinawahi. Ukidanganya, kidole kinachelewa, kinachelewa hata kuliko pale ambapo mtu hakuonyeshwa upande wowote. Tofauti ni vipande vidogo vya sekunde, lakini inajirudia kwa kila anayekaa kwenye kiti kile, awe mwema au mvivu. Kwa maneno mengine, ishara ya uongo ni mbaya kuliko kukosa ishara. Naomba msomaji aliweke hilo mfukoni, tutalihitaji tukifika Manyoni.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonifanya nigombane na wenye mabango. Mshale wa katikati hufanya kazi kwa kueleweka: mtu ausome, aukubali, aelekeze akili, na hayo yote hutaka kama theluthi ya sekunde. Lakini kitu kikimweka ghafla pembeni hakisubiri kueleweka. Kinaivuta akili katika sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 1981 John Jonides aliwaambia watu wazi kwamba ishara zile hazina maana, wazipuuze. Za katikati waliweza kuzipuuza. Za pembeni ziliwavuta wakiwa wanajua kabisa kuwa zinawadanganya.

Sasa tembea Dodoma usiku. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukasubiri, ukapata hadhi ya jiji mwaka 2018, na tangu hapo umekuwa ukijivika kila kinachowaka. Kibao cha 50 kimesimama kwenye nguzo yake, kimya, chekundu kwa cheupe, nusu yake vumbi. Hicho ni cha kusomwa. Juu yake, hatua chache mbele, kuna skrini ya matangazo inayobadilika rangi kila baada ya sekunde chache. Hiyo haiombi kusomwa, inakamata. Tumeziweka mbili hizo kwenye kona moja, tumekodisha ile moja kwa pesa, kisha tunamlaumu dereva kwamba hakuwa makini na ile nyingine.

Nina kisa changu. Mwaka juzi, saa moja na nusu usiku, nilikuwa naingia kwenye kipilefti kimoja mjini. Sikuwa nimekunywa, simu ilikuwa mfukoni, gari langu bovu lisingeweza kukimbia hata ningetaka. Sheria inasema mpishe anayetoka kulia, na nilitazama kulia. Wakati huohuo, juu kushoto, mtu mmoja wa kwenye skrini akamimina juisi ya machungwa. Ilimwagika kwa uzuri, matone yakaruka. Nilipokanyaga breki, bampa lilikuwa nusu hatua kutoka kwenye goti la binti aliyepakiwa kwenye bodaboda.

"Mzee, hutuoni?"

Nikasema wanachosema wote. "Samahani mwanangu, sikuwaona."

"Sasa hiyo miwani ya nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina la kumridhisha. Ila najua kwamba kama goti lile lingevunjika, hakuna askari ambaye angeiandika ile juisi kwenye ripoti yake. Angeandika jina langu, na angekuwa amekosea nusu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Jicho lililovutwa kwenye skrini na kurudi limetumia hiyo sekunde, na mita 22 ni bodaboda kumi zilizopangwa msururu.

Vibaka wa stendi wanaifahamu elimu hii bila kupita chuo. Mmoja anaangusha sarafu, wa pili anageuza shingo kuzitazama, na mwenye begi naye anageuka, kwa sababu hakuna kinachomvuta binadamu kama macho ya binadamu mwingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969, Stanley Milgram na wenzake waliwasimamisha watu kwenye njia ya watembea kwa miguu New York, wakitazama dirisha la ghorofa ya sita ambalo halikuwa na chochote cha ajabu. Aliposimama mmoja tu, wapita njia 4 kati ya 100 walisimama naye. Waliposimama 15, walisimama 40. Na waliogeuza macho kutazama juu bila kusimama walikuwa wengi zaidi. Hapa kwetu jaribio hilo hufanyika bure kila Bunge linapokuwa na vikao: king'ora kinalia, msafara unapita, mji mzima unageukia upande mmoja, na anayevuka kutoka upande wa pili na ndoo yake kichwani amebaki kwa Mungu wake.

Nimesema watu wa barabarani wanajua. Nirudi kwao, maana maofisa wangejifunza mengi wakipanda lori.

Ukitoka Dodoma kwenda Singida, baada ya Bahi nchi inalala. Barabara inanyooka kama uzi uliokazwa na huoni kona kwa kitambo kirefu. Wengi hudhani barabara iliyonyooka ni salama kwa kuwa unaona mbali. Lakini jicho linaamshwa na kinachokwenda upande: mbuzi anayeruka mtaro, mtoto anayekimbilia mpira. Kilicho mbele yako moja kwa moja hakihami mahali pake machoni. Kinavimba tu, polepole sana. Semi iliyoharibika katikati ya njia, ukiwa mita 200 kutoka kwake, ina upana machoni pako unaozidi kidogo ule wa mwezi. Usiku, bila taa, ni kipande cha giza kwenye giza, na kwa mwendo wa 80 unazo sekunde tisa tu za kukigundua. Kwa sekunde nyingi kati ya hizo hakuna kitu chochote pale kinachosogea cha kuliita jicho.

Ndiyo maana lori likiharibika, kazi ya kwanza ya utingo ni kuchukua panga na kuingia porini. Anakata matawi na kuyatandaza barabarani, fungu moja mbali, la pili karibu zaidi, la tatu karibu na tairi. Dereva anayekuja bado haoni lori, lakini anaona majani mahali ambapo lami haioti majani. Hajaambiwa apunguze mwendo wala awe mwema. Ameambiwa mahali: hapa, upande huu, jiandae. Ni fimbo ya yule kijana wa Kolo, imelazwa kwenye lami. Na kabla hujaniambia kuna pembetatu za kuakisi mwanga kisheria, najua, nazo ni nzuri. Husimamishwa hatua chache nyuma ya gari, kwa upepo wa huku kwetu huanguka, na zisipoanguka zitaondoka na mpita njia.

Vivyo hivyo taa. Mwenye lori mbele yako akiwasha indiketa ya kulia hali hana pa kukata, anakuambia usipite, kuna kitu anakiona ambacho wewe hukioni. Akiwasha ya kushoto, njia ni nyeupe. Gari linalokuja likikumulika mara mbili mchana, mbele kuna trafiki na tochi. (Hiyo ya mwisho siisifu. Naitaja kwa kuwa ndiyo ishara inayoaminika kuliko zote nchini, na sababu yake ni kwamba haidanganyi.) Wafugaji pia: Mgogo anayevusha ng'ombe jioni hutangulia yeye mwenyewe katikati ya lami na fimbo juu, kwa sababu anajua ng'ombe wa kijivu kwenye mwanga wa kijivu si kitu, ila mkono ulioinuliwa ni kitu.

Linganisha na tunavyoweka vibao. Kuna kibao cha "matengenezo mbele" kinachoendelea kusimama wakati matengenezo yalikwisha na lami imeanza kutoboka tena. Kuna 50 inayoanza kwenye kichaka na kuishia kwenye kichaka kingine, bila nyumba kati yake, na kuna kijiji chenye shule ambacho kibao chake kiling'olewa usiku kikapimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Kuna mahali nguzo tatu zimepangana na maandishi kumi na mawili. Dereva wa basi anayepita hapo kila siku amefundishwa na sisi wenyewe, kilometa kwa kilometa, kwamba kibao hakisemi kweli. Mshale wa Posner ulikuwa na imani ya mtu kwa sababu ulikuwa kweli mara nane katika kumi. Wetu ni kweli mara ngapi? Na hata pale unaposema kweli, nani bado anasikiliza?

Kisha ajali ikitokea tunaongeza kibao.

Rasta naziheshimu, yale matuta madogo madogo ya kutikisa. Zinamfikia dereva kwa makalio na mikono ya usukani, mahali ambapo skrini ya juisi haifiki. Lakini nazo tumeanza kuzimwaga kila mahali, na kitu kilichoko kila mahali hakionyeshi mahali popote.

Hapa mpinzani wangu ananyanyua mkono. Anasema: haya ni ya wanagenzi, dereva mzoefu hayumbishwi na matangazo. Ningependa iwe kweli. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake waliwapa wataalamu 24 wa picha za hospitali kazi wanayoifanya kila siku, kutafuta vinundu vya saratani kwenye picha za mapafu. Ndani ya picha za mwisho walipachika sokwe, mkubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 hawakumwona. Mashine iliyofuatilia macho ilionyesha kwamba 12 kati ya hao 20 macho yao yalitua juu yake. Macho yao yalikuwa wazi na uzoefu walikuwa nao wa kutosha. Uzoefu ndio uliowafundisha kutafuta kitu chenye umbo na ukubwa wa kinundu, na sokwe hana umbo hilo. Dereva wa miaka ishirini ana jicho lililozoea mabasi na malori, na ndiye anayeapa mahakamani kwamba alitazama, njia ilikuwa nyeupe, na bodaboda ilitokea kusikojulikana. Wengine wanadanganya. Wengi, naamini, wanasema walichokiona.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi, na huwa anavaa nguo nyeusi. Anasema: wewe unawatafutia wauaji kisingizio. Nimeshakaa naye matangani na sitambishia kwa sauti ya juu. Aliyekunywa ana kosa. Aliyepita lori kwenye mlima bila kuona mbele ana kosa, na mwenye basi anayempangia dereva ratiba isiyowezekana ana kosa kubwa kuliko wote. Mwendo hasa, kwa sababu pazia la jicho likishuka kwa nusu sekunde, kwenye 50 umesafiri mita saba na kwenye 100 mita 14, na mita saba zinatosha mtoto kurudi mtaroni. Sijamwondolea mtu lawama yake. Nimekataa tu iwe ya mtu mmoja. Neno uzembe, tunavyolitumia, linamfunga dereva na kuwaachia huru walioiuza kona kwa taa zinazomweka, waliosahau kukiondoa kibao, na walionunua kibao kutoka kwa mwizi. Umakini hauishi kichwani mwa dereva peke yake. Nusu yake imetawanywa barabarani, kwenye nguzo na mapaa, na kuna watu wanaolipwa mshahara kuitawanya.

Marekebisho yanawezekana, wala si ya gharama. Skrini inayobadilika isiwekwe mahali ambapo sheria inamtaka mtu atazame upande wa pili. Kibao cha matengenezo kiondoke na mkandarasi, na malipo yake ya mwisho yasubiri kiondoke. Kabla ya kuongeza nguzo ya nne, apite mtu na kung'oa mbili zisizosema kweli. Najua pendekezo la kung'oa halikatiwi utepe, na hakuna mgeni rasmi atakayekuja kupiga nalo picha. Barabara ya mzunguko ya jiji, ile ya zaidi ya kilometa 110, inatupa nafasi ya kuanza na lami isiyo na uongo juu yake. Natamani kuona tutakavyoitumia, ingawa nikiangalia mabango yanavyoota mjini, naogopa.

Mwezi uliopita nilipata lifti ya Fuso kutoka Singida, nikakaa katikati ya dereva na utingo wake. Giza lilitukuta baada ya Manyoni. Tukayaona matawi kwenye taa, fungu kubwa, upande wetu. Nikashika dashibodi. Dereva hakupunguza hata kidogo.

"Dogo, vipi hayo?"

Utingo alikuwa ameshainama mbele, pua karibu iguse kioo. "Yamenyauka, mzee. Hawa wameshaondoka. Twende."

Tukayapanda, yakavunjika chini ya tairi kama biskuti. Aliyeyaacha alikuwa ameshafika kwake, amekula na amelala. Tulipita fungu la pili kavu, na la tatu. Dereva akaanza kusimulia habari ya mahindi ya Kibaigwa, bei yake na ushuru wake. Nilikuwa nimeanza kusinzia utingo alipokaa wima ghafla.

"Mabichi hayo."

Mguu wa dereva ulikuwa umeshatoka kwenye mafuta.